Shajara ya mradi: seva ziko VSAN 10, kabati jipya liko VSAN 20, na fabriki hazitakiwi kuungana

Naiandika kwa ajili ya atakayepewa kazi kama hii baada yangu, na kwa ajili yangu mwenyewe nikisahau. Majengo ni mawili. La kwanza lina seva sita (nne za Linux, mbili za AIX, Unix ya IBM) na kabati la diski ambalo muda wake umekwisha. La pili lina kabati jipya. Data ya TB 9 ihame kutoka la zamani kwenda jipya huku seva zikiendelea na kazi, kisha seva zenyewe zifuate, moja moja. Swichi za pande zote ni Cisco MDS, za mtandao wa diski wa Fibre Channel, na kila jengo lina fabriki mbili (mitandao ya swichi hizo isiyogusana), A na B, kama ilivyo desturi. Ndani ya fabriki hukatwa VSAN, mitandao midogo iliyotengwa kila mmoja na wenzake: seva zetu ziko VSAN 10, kabati jipya liko VSAN 20. Nitaeleza A, kwa sababu makosa karibu yote yalifanyika huko.

3 Machi: Kwa nini hatukurefusha VSAN 10

Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa jepesi: VSAN 10 ivuke hadi jengo la pili, kabati jipya liingizwe humo, basi. Nililikataa, na ilinibidi nijieleze kikaoni.

Kila VSAN ina utawala wake kamili. Ina daftari lake la majina, zoni zake (orodha za nani amwone nani), namba zake za domeni (namba za swichi) na FSPF yake ya kuchagua njia. Ukiirefusha VSAN juu ya kiungo cha masafa, utawala huo unakuwa mmoja kwa majengo mawili. Kiungo kikikatika, fabriki inapasuka vipande viwili. Kikirudi, vipande vinajaribu kuungana tena, swichi kuu inachaguliwa upya na seti za zoni zinalinganishwa. Zisipopatana, VSAN hiyo inatengwa kwenye kiungo. Yaani mchimba mtaro akikata waya barabarani, seva ambayo haina habari na jengo la pili inatikiswa pia.

IVR (Inter-VSAN Routing, upitishaji kati ya VSAN) ni kitu kingine. VSAN 10 inabaki jengo la kwanza, VSAN 20 inabaki jengo la pili, na katikati tunaweka VSAN 100 ambayo haina kifaa chochote, ni njia tu. Swichi ya mpakani kila upande inachukua fremu kutoka VSAN moja na kuivusha hadi nyingine, kwa wale tu waliotajwa kwenye zoni za IVR. Kiungo kikikatika, VSAN 100 ndiyo inayopasuka. VSAN 10 inaona tu kwamba kabati fulani limetoweka.

Wenye swichi za Brocade kazi hii huiita FC-FC routing: zoni zake huanza na `LSAN_` na poti ya mpakani huitwa EX_Port. Mawazo yanafanana, amri hazifanani. Usinakili zangu.

5 Machi: Msingi

Kiungo kati ya majengo ni cha IP, kwa hiyo FCIP: fremu za Fibre Channel ndani ya TCP, mlango 3225. Handaki moja kwa kila fabriki, Gb 1 kila moja. MTU (ukubwa wa mwisho wa pakiti) ya kiolesura cha swichi tuliiweka 2300, maana fremu kamili ya Fibre Channel hufika baiti 2148 kabla hujaongeza vichwa vya FCIP, TCP na IP. Kumbuka namba hiyo ya 2300. Itarudi.

Kisha kwenye swichi zote mbili za mpakani:

```
feature ivr
ivr distribute
```

`ivr distribute` inafanya usanidi wa IVR usambae wenyewe kwa swichi nyingine za mpakani, na kuanzia hapo hakuna kinachofanya kazi mpaka uandike `ivr commit`. Nimeshapoteza dakika arobaini nikishangaa mbona zoni niliyoiandika haionekani popote. Sikuwa nimefanya commit. Mbaya zaidi, kikao changu kilichoachwa wazi kilikuwa kimeshika kufuli, na mwenzangu aliyeingia kutoka swichi ya pili akakataliwa. Kama mwenye kufuli ameenda kulala, `clear ivr session` inaifungua, lakini kila alichoandika bila commit kinapotea. Mpigie simu kwanza.

Leseni: IVR inahitaji leseni ya kifurushi cha Enterprise kwenye kila swichi ya mpakani. Swichi za jengo la kwanza zilikuwa nayo. Za jengo la pili hazikuwa nayo, na sikujua, kwa kuwa swichi haikukataa amri. Inakupa muda wa msamaha wa siku 120 na kuendelea kimya. `show license usage` ndiyo inayosema ukweli. Nimeandika ombi la ununuzi leo hii hii.

8 Machi: Domeni zinagongana

Anwani ya Fibre Channel, FCID, ina biti 24: nane za domeni, nane za eneo, nane za poti. Domeni ni namba ya swichi ndani ya VSAN. Kwa IVR ya kawaida, domeni haziruhusiwi kufanana popote kati ya VSAN zinazoshiriki, kwa sababu FCID inapita ilivyo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Swichi ya jengo la kwanza ni domeni 1 ndani ya VSAN 10. Ya jengo la pili ni domeni 1 ndani ya VSAN 20. Bila shaka. Watu wawili tofauti walisanidi swichi mbili tofauti miaka tofauti, na kila mmoja alianza kuhesabu na moja.

Njia ya kwanza ni kubadili domeni ya VSAN 20. Hilo linataka kuianzisha upya fabriki hiyo kwa njia inayokata mawasiliano, kisha kila kifaa kinapata FCID mpya. VSAN 20 tayari ina seva mbili za majaribio za timu nyingine. Njia ya pili ni `ivr nat`: swichi ya mpakani inabuni domeni ya bandia, na kifaa cha ng'ambo kinaonekana kana kwamba kinaishi hapa. Fremu ikipita, anwani inabadilishwa kwenye kichwa chake, na pia ndani ya ujumbe ule wa Fibre Channel unaobeba FCID tumboni.

Tukachagua NAT. Sharti lake ni kwamba iwashwe kwenye swichi zote zenye IVR, si moja ina na nyingine haina. Kisha ramani (WWN ni jina la kudumu la swichi au kifaa):

```
ivr nat
ivr vsan-topology database
  autonomous-fabric-id 1 switch-wwn <WWN ya swichi 1> vsan-ranges 10,100
  autonomous-fabric-id 1 switch-wwn <WWN ya swichi 2> vsan-ranges 20,100
ivr vsan-topology activate
ivr commit
```

Ipo pia `ivr vsan-topology auto`, inayojaza ramani yenyewe. Siipendi kwa kazi ya uhamishaji. Mtu akiunda VSAN mpya kwa jambo lake, inaingia kwenye ramani yangu bila mimi kuulizwa.

Namba ya mwanzo hapo, `autonomous-fabric-id`, ni ya kutofautisha VSAN mbili zenye namba moja ambazo hazijaunganika. Sisi namba zetu hazifanani, kwa hiyo zote ni 1. Kama majengo yako yote mawili yana VSAN 10, hapo ndipo pa kusoma polepole.

10 Machi: VSAN 100 haipandi

Handaki la FCIP liko juu, ramani imekubaliwa, lakini swichi moja haioni nyingine. Saa tatu zimekwenda. Mwisho nikaacha kuangalia IVR nikaangalia handaki lenyewe:

```
show interface fcip 1
  ...
  Trunk vsans (admin allowed and active) (100)
  Trunk vsans (up)                       ()
  Trunk vsans (isolated)                 ()
  Trunk vsans (initializing)             (100)
```

Mistari hiyo minne inatosha kuisoma trunki (kiungo kinachobeba VSAN kadhaa) yoyote. Namba ikiwa kwenye `isolated`, pande mbili zimekutana zikagombana, mara nyingi kwa domeni au zoni. Ikikwama kwenye `initializing`, mara nyingi upande wa pili hauitambui VSAN hiyo kabisa.

Kwenye swichi ya pili nilikuwa nimeandika `switchport trunk allowed vsan 100` na swichi ikaipokea bila kulalamika. VSAN 100 yenyewe sikuwahi kuiunda huko. Orodha ya ruhusa inakubali namba ya VSAN isiyokuwepo, kama mlinzi anayeshika orodha ya wageni ambao hawajazaliwa. Nikaiunda kwenye `vsan database`, na baada ya sekunde chache 100 ikahamia kwenye `up`.

Nilipokuwa hapo hapo nikagundua pia kwamba handaki la fabriki B bado liko na ruhusa ya kawaida, VSAN zote. VSAN 1 ilikuwa imeshavuka na kutengwa, maana domeni zake nazo zinagongana. Haikuumiza mtu, lakini nimeifunga: kwenye handaki ipite VSAN ya njiani tu.

12 Machi: Siku niliyowakatia watu wengine diski

Hili ndilo kosa kubwa la mradi huu, na lilikuwa langu peke yangu.

Zoni ya kwanza ya IVR ilikuwa tayari: poti ya seva01 kutoka VSAN 10, poti mbili za kabati jipya kutoka VSAN 20.

```
ivr zone name HAMIA_SEVA01
  member pwwn <seva01> vsan 10
  member pwwn <kabati poti 1> vsan 20
  member pwwn <kabati poti 2> vsan 20
ivr zoneset name HAMIA
  member HAMIA_SEVA01
ivr zoneset activate name HAMIA
ivr commit
```

Ikakataa upande wa VSAN 20: hakuna seti ya zoni iliyo hai huko. IVR haina zoni za peke yake zinazoelea hewani; inaingiza zoni zake, zikiwa na jina linaloanza na `IVRZ_`, ndani ya seti ya kawaida ya VSAN husika. VSAN 20 haikuwahi kuwa na seti. Timu ya majaribio ilikuwa imeacha sera ya zoni ya msingi kuwa ruhusa kwa wote, na kila kifaa kikaona kila kifaa.

Usaidizi wa amri unataja neno `force`. Nikaliongeza. Ikakubali.

Baada ya dakika mbili simu ikaita. Seva zote mbili za majaribio hazina diski.

Kilichotokea ni hiki. Kifaa kisichokuwa ndani ya zoni yoyote huhesabiwa kuwa kwenye zoni ya msingi, na sera yake ikiwa ruhusa, walio humo wanaonana. `force` iliunda seti mpya ndani ya VSAN 20 na kuweka zoni yangu humo. Tangu sekunde ile, poti za kabati zikawa na zoni, kwa hiyo zikatoka kwenye zoni ya msingi. Seva za majaribio zikabaki humo peke yao, zikiangaliana. Sikuwa nimegusa seva hizo wala kuzitaja. Niliwaondolea mwenzao tu.

Kuzirudisha kulichukua dakika ishirini: kuandika zoni za kawaida kwa seva za majaribio na poti za kabati, kuziweka kwenye seti yenye jina la kueleweka, na kuiwasha. Zikarudi. Kisha nikafanya nilichotakiwa kufanya asubuhi:

```
no zone default-zone permit vsan 20
```

Kabla ya kuiandika amri hiyo pitia `show fcns database vsan 20`, daftari la majina, ukilinganisha na zoni ulizoandika, kifaa kwa kifaa. Asiyekuwa na zoni atakatika. Baada ya hapo seti ya IVR iliwaka bila `force`, na kwa muda wote uliobaki wa mradi sikulitumia neno hilo tena.

Gharama: dakika ishirini za timu nyingine, ripoti ya tukio ya kurasa mbili, na kuanzia sasa mabadiliko yangu yanasomwa na mtu wa pili kabla ya commit. Hilo la mwisho lilikuwa sahihi hata kama limenichelewesha.

15 Machi: Kila kitu kinaonekana, hakuna kinachoandikika

Jumamosi nzima imeliwa na hii.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kwenye VSAN 10 kabati lilionekana kwa FCID 0x610101, ile ya bandia. Kwenye VSAN 20 poti hiyo hiyo ni 0x010300. NAT inafanya kazi yake. Seva01 iliingia kwenye kabati, ikauliza diski zilizopo, ikazipata zote na ukubwa wake sahihi. Nikaanza jaribio la kuandika. Likaganda. Baada ya muda `dmesg` (kumbukumbu za kernel ya Linux) ikajaa amri zilizofutwa, njia ikaanguka, ikarudi, ikaanguka tena.

Nikailaumu NAT. Ndicho kitu kipya, na ndicho nisichokielewa vizuri, kwa hiyo lazima iwe hiyo. Nikafuta zoni nikaziandika upya. Nikabadilisha kundi la seva kwenye kabati. Nikahamisha seva01 kwenye poti nyingine ya swichi. Saa sita hizo.

Kilichonitoa gizani ni jaribio la kitoto:

```
dd if=/dev/zero of=/dev/mapper/jaribio bs=512 count=100 oflag=direct
dd if=/dev/zero of=/dev/mapper/jaribio bs=64k count=100 oflag=direct
```

La kwanza likaisha papo hapo. La pili likaganda. Kidogo kinapita, kikubwa hakipiti. NAT haijali ukubwa wa fremu. Anayejali ukubwa ni mtandao wa IP. Kutoka mashine ya Linux iliyo kwenye mtandao ule ule wa handaki nikajaribu `ping -M do -s 1472`, ikajibu. `-s 2272`, kimya. Ongeza baiti 28 za vichwa: 1500 inapita, 2300 haipiti.

Pande zote mbili za handaki zina MTU 2300, kwa hiyo TCP zilikubaliana vipande vikubwa. Katikati kuna ruta yenye kiolesura cha 1500. Swichi huwa inatafuta MTU ya njia yenyewe: inakataza pakiti kukatwakatwa na kungoja ruta iseme "ni kubwa mno". Ruta ilikuwa inasema. Fayawoli baada yake ilikuwa inatupa ICMP (ujumbe wa taarifa wa mtandao wa IP) zote isipokuwa za ping. Kwa hiyo pakiti kubwa zilikufa njiani na hakuna aliyeleta taarifa ya msiba. Kuingia kwenye kabati na kuuliza orodha ya diski ni ujumbe mdogo, ndiyo maana ulipita.

Mwenzangu wa upande wa IP alipandisha MTU kwenye violesura viwili na kuruhusu ICMP aina ya 3 msimbo wa 4 kupita. Dakika kumi na tano. Yeye ndiye aliyeniuliza, bila ubaya, kwa nini sikumpigia saa nne asubuhi.

Kwa anayenakili: pima MTU ya njia nzima kwa ping ya kukataza kukatwa kabla hujawasha handaki.

22 Machi: Linux zimerudi, AIX hazijarudi

Kabla ya kuhamisha hata baiti moja ya kweli nilitaka kuizima na kuiwasha swichi ya mpakani ya jengo la kwanza. Tulipewa dirisha la matengenezo la usiku. Swichi ikarudi, IVR ikarudi, seva nne za Linux zikaziona diski za kabati jipya ndani ya dakika chache. Seva mbili za AIX zikang'ang'ania kuwa njia za fabriki A zimekufa.

Kwenye swichi kila kitu kilikuwa kijani. Tofauti ilikuwa moja: kabati lililokuwa 0x610101 sasa lilikuwa 0x5c0101. Domeni ya bandia hutolewa swichi inapojipanga, na safari hii ilitolewa nyingine. Linux haijali, inamtambua mwenzake kwa pWWN, jina la kudumu la poti. AIX isipowashiwa ufuatiliaji (`dyntrk`) huishika FCID kama sehemu ya anwani ya kifaa, na kifaa kikihama anwani, kwake kimekufa. HP-UX yenye njia za zamani za vifaa ina tabia hiyo hiyo.

Tiba ni mbili na tumezifanya zote. Upande wa IVR, kuifunga anwani isibadilike:

```
ivr fcdomain database autonomous-fabric-num 1 vsan 10
  native-autonomous-fabric-num 1 native-vsan 20 domain 97
  pwwn <kabati poti 1> fcid 0x610101
ivr commit
```

97 ni 0x61. Ukikosea hapo, domeni na FCID havitalingana. Poti ya pili ya kabati ina mstari wake. Sisi tuliandika namba zile za kwanza ambazo AIX ilikuwa inazikumbuka, ndiyo maana ilitubidi kuizima seti ya IVR na kuiwasha tena ili zishike. Ukiifanya mapema, andika zile zinazotumika tayari na hutahitaji hilo.

Upande wa AIX:

```
lsattr -El fscsi0 -a dyntrk
chdev -l fscsi0 -a dyntrk=yes -a fc_err_recov=fast_fail -P
```

`-P` inamaanisha inashika ukiwasha seva upya. Tumeziwasha upya moja moja, kisha tukaizima swichi mara ya pili. Zote sita zikarudi.

24 Machi: Fabriki B

VSAN 11, 21 na 101. Nusu siku, kwa kufuata shajara hii. Hakuna cha kusimulia.

29 Machi: Data inahama

Njia ni ile ya kioo: AIX kwa `mirrorvg`, Linux kwa `pvmove`. Seva inaandika kabati zote mbili, ya zamani inaondolewa nakala zikilingana.

Hesabu ya muda niliifanya kabla, na ni rahisi. Handaki la Gb 1 tulipolipima lilitoa MB 90 kwa sekunde bila kusukumana. TB 9 kwa kasi hiyo ni sekunde 100,000, karibu saa 28. Kwa handaki mbili ni nusu yake, kama mambo yote yangekuwa sawa. Hayakuwa.

Tatizo halikuwa upana, ni kungoja. Mwendo wa kwenda na kurudi kati ya majengo ni milisekunde 4. Lakini uandishi mmoja wa SCSI (lugha ya amri za diski) juu ya Fibre Channel huvuka mara mbili: seva inatuma amri, kabati linajibu "niko tayari", seva inatuma data, kabati linajibu "nimepokea". Kwa hiyo milisekunde 8 kwa kila andiko, kabla kabati halijafanya lolote. Na kioo humngoja aliye mbali zaidi. Hifadhidata ya seva02 iliyozoea kuandika chini ya milisekunde 1 ikaanza kulalamika saa ile ile tuliyowasha kioo chake.

Tukasimamisha, tukawasha `write-accelerator` kwenye kiolesura cha FCIP, pande zote mbili. Swichi iliyo karibu na seva inajibu "niko tayari" kwa niaba ya kabati, data inaondoka mara moja, na safari inabaki moja. Handaki linaanguka na kurudi unapoiwasha, kwa hiyo fanya fabriki moja kwanza, hakikisha njia zimerudi, ndipo ya pili. Na isiwashwe mahali penye handaki mbili sambamba za gharama sawa ambazo hazijafungwa pamoja kuwa kiungo kimoja. Amri ikienda huku na jibu likirudi kule, swichi inayojibu kwa niaba inachanganyikiwa. Sisi tuna moja kwa kila fabriki, tuko salama.

Ikashuka hadi karibu milisekunde 4 na nusu. Si nzuri, lakini seva02 ilivumilia usiku. Tulihamisha seva mbili kwa usiku mmoja badala ya zote kwa pamoja. Usiku wa tatu kazi ikaisha. Handaki la fabriki A lilikatika mara moja katikati, sekunde kadhaa, usiku wa pili. VSAN 10 haikutikisika: `show fcdomain vsan 10` inaonyesha swichi kuu ile ile, na kabati la zamani halikukosa hata njia moja. Nimehifadhi tokeo la amri hiyo kwenye folda ya mradi, kwa ajili ya waliokuwa kwenye kikao cha 3 Machi.

12 Aprili: Seva zinafuata, zoni zinapungua

Seva nne za Linux zimebebwa hadi jengo la pili na kuchomekwa moja kwa moja VSAN 20. Seva03 iliwaka bila diski. Zoni yake ya IVR ilikuwa bado inasema `vsan 10`, na pWWN yake sasa inaishi VSAN 20. Kwa IVR mwanachama huyo hayupo nyumbani, na zoni ya kawaida ndani ya VSAN 20 sikuwa nimeiandika. Kwa zilizofuata niliandika zoni ya kawaida siku moja kabla. Zoni yenye mwanachama ambaye hajafika haidhuru kitu.

Kupunguza zoni za IVR: nakili seti, toa zoni za seva zilizoondoka, washa seti mpya juu ya ile ya zamani, commit. Usiizime ya zamani kwanza. Nilikuwa nimeshaandika `no ivr zoneset activate` na kidole kiko juu ya kitufe, na msomaji wangu wa pili akauliza, "Na AIX?" Zingekatika zote mbili.

Zimebaki hizo mbili za AIX, zinangoja dirisha la mwisho wa mwezi. Leseni za jengo la pili hazijafika. `show license usage` leo inasoma siku 82 zilizobaki kwenye swichi ya fabriki A na 101 kwenye ya B.